Namna ya Kuomba Kibali cha Mkazi cha Kuegesha Gari Mtaani

Kila anayehamia mtaa wenye maegesho ya vibali huuliza maswali yale yale, na wengi huyauliza wakiwa wameshapigwa faini ya kwanza. Kibali ni cha gari au ni cha mtu? Mpangaji anaruhusiwa kuomba, au ni mwenye nyumba peke yake? Kwa nini ombi limerudishwa ilhali kila karatasi iliyotakiwa imeambatishwa? Nimeyajibu maswali hayo moja moja kwa muda mrefu, na sasa nimeona heri niyaandike majibu yake kwa mpangilio ule ule anaoufuata mwombaji, tangu anaposimama chini ya kibao cha barabarani hadi siku anapohama na kukifuta kibali chake.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Kibali cha mkazi ni ruhusa inayotolewa na mamlaka ya jiji kwa mtu anayeishi ndani ya kanda fulani, ili aegeshe gari lake katika barabara za kanda hiyo kwa saa ambazo wasio wakazi hawaruhusiwi kuegesha au wanapaswa kulipia. Hakikupi nafasi maalumu, wala hakiigeuzi sehemu iliyo mbele ya mlango wako kuwa mali yako. Kinakupa haki ya kutafuta nafasi pamoja na majirani wenye kibali kama chako, basi. Jiji linaweza kuwa limetoa vibali vingi kuliko nafasi zilizopo bila kuvunja sheria yoyote. Kwa hiyo anayeweka kiti au ndoo barabarani ili alinde nafasi aliyoizoea hana kibali kinachomtetea, na ndoo ile ikiondolewa hana pa kushtaki.

Utaratibu huu ulizaliwa na kero ya mitaa ya makazi iliyo karibu na ofisi, vituo vya treni na hospitali, ambako magari ya watu wa mbali hujaa tangu asubuhi na wenyeji wakakosa pa kusimama. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kaunti ya Arlington, katika jimbo la Virginia, haikuvunja katiba ilipowatengea wakazi maegesho ya mitaa yao na kuwazuia wafanyakazi wa ofisi za jirani. Hata hivyo majiji hayafanani. New York haina kibali cha mkazi. London haina kibali kimoja cha jiji zima, bali kila halmashauri ya eneo hutoa vyake, na cha halmashauri moja hakitambuliwi na jirani yake. Vienna, tangu Machi 2022, imeueneza utaratibu wa vibali karibu katika jiji lote. Japani nayo ilishika njia ya kinyume: kwa sheria ya mwaka 1962 barabara si mahali pa kulaza gari, na kwa kawaida anayesajili gari hutakiwa kuonyesha kwamba ana maegesho nje ya barabara, ambayo siku hizi hayapaswi kuwa zaidi ya kilomita 2 kutoka anapoishi. Ninayataja haya ili usimtegemee rafiki aliyeomba kibali katika jiji jingine. Hatua zilizo hapa chini ni mifupa ya kazi, na nyama yake utaikuta katika masharti ya jiji lako.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Usifungue fomu kabla ya kuwa na vitu vifuatavyo mezani, kwa sababu fomu nyingi za mtandaoni hujifunga baada ya dakika kadhaa za kutotumiwa, na ukiondoka kwenda kutafuta ankara ya umeme utarudi ukute kila ulichojaza kimefutika.

- Kitambulisho chenye picha ambacho hakijaisha muda wake.
- Uthibitisho wa makazi: mkataba wa upangaji, hati ya nyumba, ankara ya maji au umeme, taarifa ya benki au hati ya kodi ya jengo. Majiji mengi hutaka mbili, na ankara huwa na ukomo wa umri, mara nyingi miezi mitatu au chini ya hapo.
- Kadi ya usajili wa gari yenye jina lako na anwani unayoishi sasa.
- Hati ya bima, na cheti cha ukaguzi wa gari pale kinapotakiwa.
- Ikiwa gari si lako, barua ya mwajiri au mkataba wa kukodi unaotaja jina lako, anwani yako na namba ya gari.
- Njia ya kulipa, pamoja na anwani ya barua pepe unayoifungua kila siku.

Faini ambazo hazijalipwa huweza pia kuzuia ombi. Iwapo unadaiwa na jiji hilo hilo, zimalize kwanza, au ikiwa unazipinga, uwe na uthibitisho wa rufaa yako mkononi.

Hatua za kufuata

1. Soma vibao vya mtaa wako kwa miguu.

Tovuti ya jiji ina ramani, lakini anayekuandikia faini hufuata kibao. Shuka, tembea kutoka kona hadi kona, na usome kila nguzo ya upande wako na ya upande wa pili. Nguzo moja huweza kubeba vibao vitatu: cha juu kinataja kanda, kwa herufi au namba, na saa ambazo kibali kinahitajika; cha kati kinawaruhusu wageni kusimama kwa saa mbili; na cha chini, kidogo na kilichofifia kwa jua, kinasema kwamba kila Jumanne ya kwanza na ya tatu ya mwezi hakuna gari lolote linaloruhusiwa kwa sababu barabara inafagiliwa. Kibao hicho cha chini ndicho kinachowaumiza wageni wa mtaa, kwa kuwa mtu akishaiona herufi ya kanda yake juu hashughuliki kuteremsha macho. Tazama pia mishale. Mshale wa kushoto unahusu sehemu iliyo kushoto mwa nguzo, wa kulia iliyo kulia, na wenye ncha mbili unahusu pande zote mbili hadi kwenye nguzo inayofuata.

Mpaka wa kanda mara nyingi hupita katikati ya barabara, kiasi kwamba nyumba yako inaweza kuwa katika kanda moja na upande wa pili, hatua kumi kutoka mlangoni, ukawa katika kanda nyingine ambako kibali chako hakina thamani yoyote. Piga picha za vibao vyote na uzihifadhi. Zitakufaa tena ukipata faini isiyo ya haki.

2. Hakikisha kwamba anwani yako inastahili.

Kuishi ndani ya kanda hakutoshi. Yapo majengo mapya ambayo yalipewa ruhusa ya ujenzi kwa sharti kwamba wakazi wake hawatapewa vibali vya barabarani, na sharti hilo, lililozoeleka katika maeneo mengi ya London, humfunga mpangaji hata kama dalali hakumtajia. Nyumba zenye gereji au uwanja wa kuegesha huweza kupewa idadi ndogo au kunyimwa kabisa, na barabara za binafsi ziko nje ya utaratibu huu. Jiji huweza pia kuweka kikomo cha vibali kwa kila kaya, na katika baadhi ya maeneo ya Amsterdam mwombaji huingizwa kwenye orodha ya kusubiri.

Ingiza anwani yako kwenye kipengele cha kuhakiki kanda kilichoko kwenye tovuti ya jiji, au upige simu ofisini. Kama bado hujatia saini mkataba wa upangaji, fanya uhakiki huo leo hii, kabla ya kutia saini, wala usikubali jibu la dalali kwamba maegesho yapo tele. Yapo tele kwa nani, ndilo swali.

3. Linganisha nyaraka zako kabla ya mtu mwingine kuzilinganisha.

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako, kwa sababu maombi mengi yanayorudishwa niliyowahi kuyaona yameangukia hapa. Karani anayelipokea ombi hatafuti kujua kama wewe ni mkweli. Anatazama kama vitu vitatu vinashikana: mtu, makazi na gari. Kitambulisho kinamtaja mtu, uthibitisho wa makazi unamfunga mtu huyo na anwani, na kadi ya gari inalifunga gari na mtu yule yule katika anwani ile ile. Uzi mmoja ukikatika, ombi linarudi.

Zitandaze karatasi zako mezani na usome neno kwa neno. Jina la kitambulisho lina majina matatu ilhali ankara ina mawili? Ankara ya umeme iko kwa jina la mwenzi wako, au la mwenye nyumba? Mkataba unasema 14B na kadi ya gari inasema ghorofa ya 2, namba 14? Kwa binadamu hiyo ni nyumba moja. Kwa programu inayolinganisha herufi na namba ni nyumba mbili. Chagua namna moja ya kuandika anwani, ile inayotumiwa na jiji lenyewe katika orodha yake ya majengo, na urekebishe nyingine zote ziifuate.

Kadi ya gari ndiyo inayochelewesha watu zaidi. Anayetoka mji mwingine huwa na kadi yenye anwani ya zamani, na majiji mengi hayatoi kibali kamili mpaka gari lisajiliwe katika anwani mpya. Boston, kwa mfano, hutaka gari liwe limesajiliwa katika jimbo la Massachusetts, kwa jina la mwombaji na kwa anwani yake ya Boston. Kwa hiyo mpangilio ni huu: badilisha anwani ya leseni ya udereva na ya kadi ya gari kwanza, iarifu kampuni ya bima, kisha ndipo uombe kibali. Ukianza na kibali utaizunguka ofisi ile ile mara mbili. Wanafunzi, wanajeshi na wenye magari ya kampuni huweza kuwa na fomu yao ya pekee; iulizie kabla ya kujilazimisha kuingia katika fomu ya wote.

Ikiwa ankara zote ziko kwa jina la mtu mwingine, usibuni karatasi. Omba benki ikutumie taarifa yenye anwani mpya, ongeza jina lako kwenye mkataba, au mwombe mwenye nyumba barua iliyotiwa saini ikiwa jiji linaikubali. Kutoa anwani ya ndugu au rafiki anayeishi ndani ya kanda, huku wewe unaishi kwingine, ni udanganyifu. Kibali hufutwa, na huenda ukafunguliwa mashtaka.

4. Ulizia kibali cha muda.

Majiji mengi hutoa kibali cha siku au majuma kadhaa kwa mkazi mpya anayesubiri kadi ya gari yenye anwani mpya. Ni kirahisi kupatikana, mara nyingi kwa mkataba wa upangaji na kitambulisho tu, lakini hutolewa kwa anayekiomba. Kichukue kabla ya kulileta gari mtaani.

5. Ingia kwenye tovuti halisi, kisha ujaze fomu polepole.

Ukitafuta mtandaoni utakutana na tovuti za mawakala wanaokutoza ada ya kujaza fomu ambayo wewe mwenyewe ungeijaza bila ada hiyo, na nyingine ni za walaghai kabisa. Andika anwani ya tovuti ya jiji kama ilivyo kwenye barua zake rasmi au kwenye kibao.

Sehemu ya hatari katika fomu ni namba ya gari. Usiiandike kwa kukumbuka, wala usiinakili kutoka kwenye picha ya gari. Inakili kutoka kwenye kadi, ukitofautisha sifuri na herufi O, namba 1 na herufi I, namba 8 na herufi B. Mimi niliwahi kuandika herufi O mahali pa sifuri. Ombi likapita, malipo yakapita, na barua pepe ya kunipongeza ikaja. Siku nne baadaye nilikuta faini chini ya waipa, na siku iliyofuata nyingine, kwa sababu kibali kilikuwa cha gari ambalo halipo duniani. Nilizipinga zote mbili na moja ikafutwa; ya pili niliilipa, kwa kuwa nilikuwa nimeshaarifiwa na ile ya kwanza lakini sikurekebisha kosa siku hiyo hiyo.

Chagua pia tarehe ya kuanza kwa uangalifu. Fomu nyingine huchukua siku ya malipo na nyingine hukuachia uchague, na anayechagua tarehe ya kuhamia ilhali gari linafika siku mbili kabla, kwa siku hizo mbili hana kibali.

6. Ambatisha nakala zinazosomeka.

Weka karatasi juu ya meza yenye rangi nyeusi, karibu na dirisha, uzime mwanga wa kamera, na upige picha ukiwa juu yake moja kwa moja ili pembe zote nne zionekane. Pembe iliyokatwa ni sababu tosha ya kukataliwa, kwani tarehe na namba za hati mara nyingi ziko pembeni. Ikiwa hati ina kurasa mbili, ambatisha zote mbili hata kama ya pili ni tupu. Unaweza kuficha kiasi cha fedha kwenye taarifa ya benki, lakini usiguse jina, anwani wala tarehe. Yape mafaili majina yanayoeleweka, mfano kadi ya gari au mkataba, badala ya msururu wa namba uliowekwa na simu.

7. Lipa na utunze risiti.

Ada hutegemea jiji, muda wa kibali, idadi ya magari ya kaya, na pengine moshi wa gari: halmashauri nyingi za London huyatoza zaidi magari yanayotoa kaboni nyingi. Ukikatika mtandao katikati ya malipo, angalia kwanza akaunti yako kabla ya kulipa mara ya pili.

8. Usiegeshe kana kwamba umeshapewa.

Namba ya ombi si kibali, na risiti ya malipo si kibali, isipokuwa jiji limeandika waziwazi kwamba inatosha. Katika siku za kungoja tumia kibali cha muda, maegesho ya kulipia au barabara iliyo nje ya kanda. Fungua pia kikasha cha barua taka kila siku, kwa sababu swali la karani likikaa humo bila kujibiwa hadi muda upite, ombi hufungwa na huanza upya.

9. Bandika stika inavyotakiwa, au uhakiki kibali cha kidijitali.

Kama jiji linatoa stika, soma karatasi iliyokuja nayo, kwa maana yapo majiji yanayotaka ibandikwe kwenye kioo cha mbele, pembeni, na yapo yanayotaka kioo cha nyuma au bampa. Safisha kioo kwanza, kiache kikauke, na uondoe stika ya zamani. Stika iliyowekwa juu ya dashibodi bila kubandikwa huteleza mlango unapofungwa kwa nguvu, na askari wa maegesho haoni kilichoanguka chini ya kiti. Usiibandike kwa gundi ya karatasi ili uihamishe kwenye gari la pili. Stika nyingi zimetengenezwa zichanike zinapobanduliwa, na kibali kimefungwa kwenye namba ya gari moja.

Siku hizi majiji mengi yameacha stika. Katika Paris na Amsterdam magari yenye kamera hupita mitaani yakisoma namba za magari yaliyoegeshwa, na namba hizo hulinganishwa na orodha ya vibali na malipo. Faida yake ni kwamba hakuna cha kupotea. Hasara yake ni kwamba hakuna cha kukuonyesha kuwa kuna kosa. Ingia kwenye akaunti yako siku kibali kinapoanza, usome namba ya gari, kanda na tarehe zote mbili, na upige picha ya ukurasa huo.

10. Weka ukumbusho wa kuhuisha mwezi mmoja kabla ya kibali kwisha.

Jiji huweza kukutumia taarifa, lakini kutoipata hakukuondolei faini. Kuhuisha ni rahisi mradi kadi ya gari na bima bado ni hai, na ndiyo sababu nasema mwezi mmoja: ukigundua kwamba bima imeisha, una muda wa kuirekebisha.

Kibali kisichokulinda

Wenye kibali kipya hupata faini kwa kudhani kwamba kibali kinashinda kila kibao. Hakikuruhusu kusimama mbele ya bomba la zimamoto, kwenye kivuko cha miguu, kwenye nafasi ya watu wenye ulemavu, mbele ya lango la mtu wala katika siku ya kufagia. Hakishindi pia vibao vya muda vinavyowekwa kwa ajili ya ujenzi, kuhama nyumba au sherehe ya mtaa, ambavyo huwekwa siku chache tu kabla. Ukisafiri, mwachie jirani unayemwamini ufunguo, au lipeleke gari mahali pengine. Los Angeles na San Francisco zina sheria ya saa 72, ambapo gari lililokaa pale pale kupita muda huo huweza kuvutwa hata kama lina kibali halali, na majiji mengine yana ukomo wao. Mwenye gari la kutoka Jumapili tu na aujue ukomo wa mtaa wake.

Wageni nao wana utaratibu wao. Kibali chako hakiwahusu, bali huwa kuna vibali vya wageni vya saa au vya siku ambavyo mkazi huvinunua au hupewa kwa idadi maalumu. Viagize mapema, jaza tarehe kwa kalamu isiyofutika, na usiviuze: kuviuza ni kosa linaloweza kukunyang'anya hata kibali chako mwenyewe.

Mambo yakienda kombo

Ombi limekataliwa. Soma sababu iliyoandikwa, hata kama ni mstari mmoja, na ujibu sababu hiyo peke yake. Wengi hukasirika wakatuma mafaili kumi mapya, na karani mwingine anayelipokea akakuta tofauti ambazo wa kwanza hakuziona. Ikiwa sababu haieleweki, nenda dirishani na karatasi zako halisi. Dakika tano za kuonyeshana kwa kidole huokoa majuma mawili ya barua pepe.

Umepigwa faini ilhali una kibali. Usilipe kwanza ukidhani utarudishiwa, kwa sababu katika majiji mengi kulipa ni kukubali kosa. Piga picha ya gari likiwa pale pale, stika ikionekana, kibao kilicho karibu na namba ya nyumba iliyo mkabala. Linganisha namba ya gari iliyo kwenye faini na ile ya kibali, herufi kwa herufi. Kisha andika rufaa fupi ndani ya muda uliotajwa, ukiambatisha kibali na picha, bila kueleza hasira yako. Ukipuuza faini kwa kuwa unajua una haki, muda wa rufaa utapita na haki hiyo haitakusaidia.

Gari liko gereji na umekodi jingine, au umepewa la kampuni kwa juma moja. Usihamishe stika. Omba mabadiliko ya muda ya namba ya gari, jambo ambalo akaunti nyingi za mtandaoni huliruhusu, au tumia kibali cha wageni. Andika tarehe ya kurudisha namba ya zamani, kwani gari lako likitoka gereji huku namba ya la kukodi bado imo kwenye akaunti, lako ndilo litakalopigwa faini.

Gari ni jipya na lina namba ya muda. Ulizia kibali cha muda kinacholingana na namba hiyo, na ubadilishe siku namba ya kudumu inapotoka.

Stika imepotea, imechanika au kioo kimebadilishwa. Hifadhi kipande kilichobaki, hata kikiwa kidogo, kwa sababu ofisi nyingi hutoa nyingine kwa urahisi zikikiona. Ikiwa imeibwa, toa taarifa polisi kabla ya kwenda ofisini, ili uwe na namba ya taarifa.

Gari halipo ulipoliacha. Kabla ya kudhani limeibwa, piga simu ya jiji ya magari yaliyovutwa na uwape namba ya gari. Likiwa kwao, liendee siku hiyo hiyo ukiwa na kitambulisho, kadi ya gari na bima, maana gharama ya hifadhi huongezeka kwa siku. Uliza sababu ya kuvutwa kwa maandishi. Rufaa huweza kufunguliwa hata baada ya kulichukua gari.

Unahama. Kibali hakikufuati kwenda kanda nyingine, hata kama ni mtaa wa pili. Omba kipya kwa anwani mpya, kisha ukifute cha zamani na uulizie marejesho ya miezi iliyobaki, ambayo baadhi ya majiji hulipa kwa miezi kamili tu. Anayefuta tarehe 30 na anayefuta tarehe 2 ya mwezi unaofuata huweza kutofautiana kwa mwezi mzima wa ada. Bandua stika mwenyewe kabla ya kuliuza gari, upige picha ya vipande vyake, na uiondoe namba ya gari kwenye akaunti yako siku ya mauzo.